Nyuma ya Élie Cazalbou

Katika klabu yetu ya baiskeli ya Castelrouy kuna sheria moja ambayo mgeni huambiwa hata kabla hajatajiwa jina la mtu: hakuna anayempita nahodha. Nahodha anatangulia kwa mwendo wa kilomita ishirini na mbili kwa saa, si zaidi, si pungufu, na sisi wengine tunamfuata wawili wawili tukipiga soga. Akikata kushoto, tunakata kushoto. Akisimama kukojoa, tunasimama. Na kuhusu njia, mtu hafungui mdomo. Anayetaka kuchagua njia mwenyewe akapande baiskeli peke yake. Kwa miaka ishirini na tisa nahodha wetu alikuwa Élie Cazalbou, na haya ninayoyasimulia yalitokea kwa sababu ya sheria hiyo na ukaidi wetu wa kuitii. Mkaidi wa kwanza nilikuwa mimi.

Élie alizaliwa katika nyumba ya wafuga bata, mtoto wa nne kati ya sita, na baba yake alikusudia abaki pale awanenepeshe bata hao mpaka azeeke. Yeye akasema bata wanatembea polepole mno. Akiwa na miaka kumi na tisa alipata kazi ya kutunza barabara za vijijini: kuziba mashimo, kufyeka majani ya kando, kumwaga chumvi asubuhi za barafu. Kwa mshahara wa kwanza alinunua baiskeli ya chuma, rangi ya buluu, na mpaka leo ndiyo anayopanda, ingawa kila kitu juu yake kimeshabadilishwa isipokuwa fremu. Vibao vyeupe vyenye ukingo mwekundu, vile vinavyokuambia umeingia kijiji gani, katika upande wetu huu karibu vyote alivisimika yeye. Alichimba shimo, akakoroga saruji, akakaza nati kwa mkono wake.

Alimwoa Paulette, dada wa mwoka mikate wetu, akamzika miaka sita kabla ya mambo haya. Tangu hapo anapika sufuria moja ya supu, anaila siku nne mfululizo, na anadai ya siku ya nne ndiyo tamu. Kila Jumamosi anapiga pasi leso ya kuendea baiskeli. Upepo ukimjia usoni anautukana kwa jina la mkaguzi mmoja wa barabara ambaye alishakufa zamani. Ni mtu wa namna hiyo.

Mama yake alipofika miaka sabini na mitatu alianza kuwaita bata kwa majina ya watoto wake. Tulicheka kwanza, kisha tukaacha kucheka. Asubuhi moja alitoka na gauni la kulalia akaenda kutafuta shule aliyosoma utotoni, na aliyemkuta barabarani ni Élie mwenyewe, yuko kazini, koleo mkononi. Mwaka ninaousimulia, Élie naye alikuwa ametimiza miaka sabini na mitatu. Hakuna aliyelitamka hilo, lakini kila mtu alikuwa amelihesabu.

Jumanne moja ya mwezi wa kumi na moja alitoka peke yake kwenda Saint-Blaisou, kilomita kumi na mbili tu kutoka kwetu. Muuza jibini aliyekuwa na meza yake kwenye uwanja wa kanisa alimwona akipita, akampungia mkono. Baada ya kitambo akamwona tena, akampungia tena. Mara ya nne hakupunga. Aliacha jibini zake akamsimamisha.

"Mzee Cazalbou, unatafuta nini?"

"Sitafuti kitu, ahsante," Élie akajibu kwa adabu zake zote.

"Sasa unakwenda wapi?"

Hapo Élie akazitazama barabara zilizotoka uwanjani, moja baada ya nyingine. Muuza jibini akapakia baiskeli ya buluu kwenye gari lake, akamrudisha nyumbani.

Jioni hiyo Élie alinijia. Mimi naitwa Huguette, lakini klabuni wananiita Posta, kwa sababu miaka thelathini na mmoja nimepeleka barua katika vijiji hivihivi.

"Posta, nilichoka tu," akasema. "Upepo."

"Upepo gani leo? Moshi wa jikoni kwangu umepanda juu kama fimbo."

"Basi njaa. Usimwambie Nadège."

Nadège ni binti yake, na mimi ananiita shangazi ingawa hatuna undugu. Anauza dawa katika duka la dawa la mjini, na duka la dawa ndipo habari zinapofika kabla ya wagonjwa. Kesho yake asubuhi alikuwa jikoni kwa baba yake, na koti hakuvua. Mimi nilikuwa nimepita kumpelekea Élie vitunguu majani, nikanaswa humo humo.

"Baba, sikuja kugombana."

"Basi usigombane."

"Mara moja tena. Ukipotea mara moja tena, hata kwa dakika kumi, baiskeli naichukua naifungia kwangu. Na Shangazi Huguette ni shahidi."

"Mimi shahidi wa nini?" nikamwambia. "Mimi nimeleta vitunguu."

"Shangazi, wewe ulimwona bibi. Uliwahi kumrudisha nyumbani kwa gari la posta. Niambie nakosea."

Sikumwambia. Hasira zilinipanda, kwanza kwa kufanywa shahidi katika jikoni la watu, pili kwa sababu msichana alikuwa anasema kweli. Élie alitazama nje dirishani, akasema, "Ukiichukua baiskeli, Nadège, nichukue na mimi unifungie humo humo." Nadège akamwekea mkate mezani, akatoka bila kuaga.

Jumapili iliyofuata tulikuwa na safari yetu ya kilomita mia. Tulikuwa tisa, saa mbili asubuhi mbele ya soko, na ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba mnara wa kanisa letu wenyewe hatukuuona. Mpango ulikuwa kahawa Montgazac, ambacho ni kijiji cha bondeni, kisha kupanda kilima hadi Puyrastel tulikoagiza bata wa kuchoma kwa ajili ya mchana, kisha kurudi kwa njia ya Cazalrenc, upande wa pili kabisa. Njia hiyo tumeipita mara nyingi kuliko tulivyokwenda kanisani. Firmin, mchinjaji mstaafu, alimtazama Thibault, bwana mmoja aliyehamia kwetu kutoka Paris mwaka ule, mwenye mashine ndogo ya kuonyesha njia kwenye usukani.

"Hebu toa hiyo televisheni yako," akamwambia. "Hapa tunafuata mtu."

"Naitazama tu kwa ajili ya mwendo."

"Mwendo anaujua nahodha. Itie mfukoni kabla haijapata mafua."

Thibault akaitia mfukoni. Élie akapanda, tukaondoka.

Nilikuwa mstari wa kwanza nyuma yake, na nakiri kwamba sikuwa natazama barabara. Nilikuwa namtazama yeye. Kila alipogeuza shingo nilijiuliza anatafuta nini. Lakini alikwenda vizuri, sawasawa, akiita mashimo kama kawaida yake, "Shimo kulia! Changarawe!", na tulipofika njia panda yenye msalaba wa chuma alikata kulia bila kusita. Roho yangu ikatulia. Kutoka msalabani hadi Montgazac ni kilomita tatu, barabara iliyonyooka, mtoto wa chekechea hawezi kuikosa.

Kisha kibao kikatoka ndani ya ukungu mbele yetu, cheupe, ukingo mwekundu. Kilisomeka CAZALRENC.

Élie akaacha kukanyaga pedali. Nyuma yake tukaacha sote, na kwa muda hakuna kilichosikika ila magurudumu yakijizungukia. Cazalrenc ni kilomita kumi na nane kutoka pale, na kuna kinu cha maji na daraja kabla hujafika. Hatukuwa tumepita kinu wala daraja. Nikasoma tena kile kibao, herufi moja moja, kama mtu anayesoma anwani iliyolowa mvua. CAZALRENC.

Sasa sikilizeni upumbavu wetu. Watu tisa tulikisoma kibao kile, na hakuna aliyesema neno. Firmin aliniambia baadaye kwamba alidhani alikuwa amesinzia juu ya baiskeli, akaona aibu kuuliza. Mwingine alidhani Élie ametupitisha njia mpya, naye hakutaka kuonekana hakuitambua. Mimi niliwaza Jumanne. Niliwaza, tumekata wapi? Je, kweli ulikuwa msalaba wa chuma ule niliouona, au ni mwingine? Na kama yeye amepotea, mimi niliyekaa mgongoni kwake nimepotelea wapi? Ningeweza kusonga mbele hatua hamsini nikagonga mlango wa kwanza. Lakini ningempita nahodha.

Élie hakuvuka kile kibao. Aligeuza baiskeli polepole, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tunarudi msalabani." Tukageuka nyuma yake, wawili wawili.

Msalabani alishuka, akaugusa ule msalaba kwa kiganja. Alitazama barabara ya kulia, akatazama ya kushoto. Kisha akachukua tena ile ile ya kulia. Kilomita tatu zile zile, mtaro ule ule, mabua ya mahindi yale yale, na mwisho wake kibao kile kile. CAZALRENC.

Hapo ndipo Thibault aliposhindwa kuvumilia. Alichomoa mashine yake mfukoni, akaitazama, akakohoa.

"Samahanini. Hii inasema tupo Montgazac."

"Inasema nini?" Firmin akauliza.

"Montgazac. Tumefika kabisa."

"Wee bwana, kibao kimechimbiwa ardhini, mashine yako imetoka mfukoni. Nani mwongo?"

"Mimi nasema inavyosema."

"Imelewa hiyo. Uliipangusa kwa kitu gani, kwa brandi?"

Watu wakacheka, kicheko cha juu juu cha watu wenye wasiwasi. Élie hakucheka. Aliinama akaishika nguzo ya kibao kwa mikono miwili. "Saruji hii ni yangu," akasema, kana kwamba anajieleza kwa mtu. "Niliikoroga mimi. Lakini cha Montgazac na cha Cazalrenc, vyote viwili nilivisimika mimi." Kisha akapanda, akainua mkono kuonyesha kwamba tunarudi msalabani.

Ningesema wakati ule. Nilijua ningepaswa kusema. Lakini niseme nini? Kwamba mimi, niliyepeleka barua Montgazac siku sita kwa wiki, nimesimama mlangoni mwa Montgazac na siijui? Nilianza kuwaza mambo ya ajabu. Niliwaza labda ugonjwa huu unaambukiza, kama mafua, na kwamba tutazunguka wote tisa mpaka muuza jibini aje na lori. Nilijikaza kisabuni, nikakanyaga.

Msalabani, safari hii alichukua barabara ya kushoto. Kama tuko Cazalrenc, nilidhani anawaza, basi hii itatushusha kwenye kinu. Haikushuka. Ilipanda na kupanda, pumzi zikatukauka, soga zikaisha, Firmin akaanza kuhema kama mlango mbovu. Kilima kile miguu yangu ilikijua. Kona ya kwanza kali, ya pili fupi, kisha ukuta wa mawe. Miguu ilisema Puyrastel. Na tulipofika juu, ndani ya ukungu, kengele ikapiga saa tano, na kengele ya Puyrastel ina ufa tangu enzi za babu yangu, inalia kama sufuria. Iliyolia ilikuwa sufuria.

Lakini kibao kilichosimama mbele yetu kilisema MONTGAZAC.

"Élie," nikaita. Nilivunja sheria, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. "Élie, hiyo kengele ni ya Puyrastel."

"Soma kibao, Huguette."

Hakuniita Posta. Alishuka, akailaza baiskeli yake kwenye majani, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, maana baiskeli ile huegemezwa, hailazwi. Akavua helmeti, akaketi ukingoni mwa mtaro, akaipangusa kwa ile leso yake yenye mikunjo ya pasi.

"Sijui tulipo," akasema. "Montgazac haina kilima. Nimekaa barabarani miaka thelathini na mitano, na sijui tulipo. Niwieni radhi. Mmoja wenu awapeleke nyumbani." Kisha akanitazama mimi. "Na wewe utamwambia Nadège. Dakika kumi zilishapita zamani."

Sina maneno mazuri ya kueleza nilivyojisikia. Nilitaka kulia, na nilitaka kumpiga mtu. Tulisimama pale, watu wazima wanane wenye suruali za kubana, mikono ikiwa imetuning'inia, na hakuna aliyekuwa na uhakika hata wa upande wa kaskazini. Kama mtu angeniuliza jina langu ningetafuta kibao kwanza.

Kisha taa mbili za trekta zikatokea. Aliyeendesha alikuwa Clémence, mwanamke mmoja wa miaka thelathini na kitu anayelima alizeti pale jirani. Alizima injini akatutazama.

"Nyie wazee, mnafanya nini hapa? Mnangoja basi?"

"Clémence, mama," Firmin akasema, taratibu, kama mtu anayemuuliza daktari. "Hapa ni wapi?"

"Puyrastel, bwana. Bata wenu anaungua kule."

"Na kibao?"

Akaangua kicheko mpaka akashika usukani. "Jamani! Hamkusikia? Tumevihamisha! Jana Jumamosi tumevihamisha vitatu, cha hapa na cha Montgazac na cha Cazalrenc. Huko wizarani leo wanasema panda, kesho wanasema ng'oa, sisi wakulima hatujui tena tuko wapi. Tukasema basi na wao wakija wasijue walipo."

"Wakubwa wa wizara wanapita hapa na baiskeli?" nikamuuliza, na hasira zote za asubuhi zikamwendea yeye. "Umemwona waziri hapa? Uliowapoteza ni sisi!"

"Pole, mama Huguette. Lakini si mngegonga mlango?"

Thibault akatazama angani kama mtu mwenye mengi ya kusema.

Élie alikuwa amesimama. Alikiendea kile kibao, akapapasa nyuma yake, kwenye nati, akitafuta washa, vile vipete vya chuma vinavyokaa chini ya nati. Tulimwona anaganda. Kisha mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Hakuna washa!" akapiga kelele. "Wewe msichana, umekaza nati bila washa! Upepo mmoja tu na kibao kiko Uhispania!" Alicheka mpaka akakohoa, akamshika Firmin, akamshika Thibault, akachukua simu akampigia binti yake hapo hapo, akipayuka mpaka nadhani walimsikia bila simu: "Nadège! Si kichwa changu! Ni vibao! Ni vibao, mwanangu!"

Bata alikuwa ameungua upande mmoja, na hakuna aliyelalamika. Élie alikula haradali na kila kitu, hata na kitindamlo cha tofaa, akamfundisha Clémence kazi ya washa kwa kutumia vipande vya karoti. Alirudi nyumbani akitangulia, na mwendo ulikuwa ishirini na mbili kamili.

Jioni Nadège alinipigia. Sauti yake ilikuwa nyepesi, sauti ya msichana niliyemjua zamani akija posta kununua stempu za mkusanyo wake.

"Shangazi, ni kweli? Wakulima wamebadilisha vibao?"

"Ni kweli."

"Kwa hiyo hata Jumanne? Hata kule Saint-Blaisou?"

Nilikuwa nimesimama jikoni na sufuria inachemka. Nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu: jana Jumamosi, vibao vitatu. Nilijua Jumanne inakuja siku nne kabla ya Jumamosi, na nilijua Saint-Blaisou haikutajwa.

"Hata Jumanne," nikasema.

Akalia kidogo kwa furaha, akaniambia nilale salama. Sikulala salama. Nilijiuliza kama nimemwokoa rafiki au nimemsukuma mtaroni, na kila nilipopata jibu moja nililigeuza nikaona la pili nyuma yake. Nilikuwa nimesoma kibao cha uongo asubuhi nikakiamini, na jioni nikasimika changu.

Jumatatu, saa nne hivi, Élie aligonga. Alikuja kwa miguu. Aliketi kwenye kiti cha dirishani, hakutaka kahawa.

"Nimetoka kwa Clémence," akasema. "Nimempelekea washa. Nikamuuliza kuhusu Saint-Blaisou."

"Akasemaje?"

"Unajua alivyosema."

Nikakaa.

"Nadège amenikumbatia jana usiku, Posta, akanieleza ulivyomwambia. Ameniomba msamaha. Binti yangu, aniombe msamaha mimi." Alikunja leso akaikunjua. "Jumanne kibao kilikuwa mahali pake. Nilikisoma kila nilipozunguka. Nilijua kabisa hapa ni Saint-Blaisou. Nilichokuwa sikijui ni kwangu ni wapi. Nilitafuta, nikatafuta, pakawa hapapo. Nikaona nizunguke kanisa tu, mpaka paje."

Nilimshika mkono, jambo ambalo hatujawahi kulifanya katika miaka yote ile, na wote wawili tulitazama meza.

"Mpigie," akasema. "Mwambie ulimdanganya. Ukimaliza mwambie na hili: Jumapili sitangulii. Utatangulia wewe. Mimi nitakaa kwenye gurudumu lako. Anayefuata haulizwi njia, au siyo? Nyinyi mmenifuata miaka ishirini na tisa bila kujua mnakwenda wapi, na hakuna aliyewanyang'anya baiskeli."

Nikampigia nikiwa nimesimama, mbele yake. Nilisema yote, bila kupamba, hata ule uongo wangu. Nadège hakupiga kelele. Nilisikia mlango wa duka la dawa ukifunguka na kufungwa, mtu akiuliza dawa ya kikohozi, yeye hajibu.

"Mnaondoka saa ngapi?" hatimaye akauliza.

"Saa mbili. Mbele ya soko."

"Nitamleta mwenyewe. Na kurudi, shangazi, umfikishe hadi mlangoni. Mlangoni, siyo sokoni."

"Mlangoni," nikasema.

Nikaiweka simu chini. Élie alikuwa amesikia kila neno. Akapangusa macho, akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, kama anavyowatazama wageni wa klabu siku ya kwanza.

"Mwambie Nadège asichelewe," akasema. "Nahodha wetu hapendi kungoja."